Nyasi Haziinui Kidole

Winnipeg, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Albina,

Leo ni tarehe kumi na moja Februari, na kwa hesabu yangu ni miaka hamsini na nne tangu nilipovuka mpaka kuja huku na sanduku moja, nikikimbia kuandikishwa jeshini kwa vita ambayo sikuwa na ugomvi na mtu yeyote ndani yake. Miaka saba baadaye serikali ilitusamehe sisi tuliokimbia. Lakini ulikuwa msamaha wa mvua ya Septemba, ile inayonyesha mahindi yakiwa yamekwisha kukauka.

Nakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ndiyo maana bado naandika. Simu naisikia kama mtu anayesema akiwa ameingiza kichwa ndani ya ndoo. Mto umeganda na watu wanatembea juu yake kama barabara. Koti la marehemu mke wangu Odile nimelitoa hatimaye, nikawapa watu wa kanisani kwake. Kwa muda mrefu lilining'inia pale mlangoni. Sasa kila nikiingia nakutana na msumari.

Kwenye kadi yako ya Krismasi uliandika, chini kabisa pembeni, kwamba mkataba wa nyasi unakwisha Septemba hii. Sijui kwa nini habari kubwa unaziweka pembeni. Tangu Mama alipotuachia shamba nusu kwa nusu, kila mkataba ukiisha nimetia sahihi mahali ulipoweka alama ya penseli, na serikali imeendelea kutulipa ili tusilime. Nitatia tena. Napenda kujua kwamba kile kilima hakimomonyoki kuingia kijitoni kama kilivyokuwa kikimomonyoka enzi za Baba.

Niambie jambo moja. Ile njia yetu ya zamani, kutoka njiapanda ya shule, kando ya miforosadi, kupanda kilima mpaka pampu ya upepo na mlango wa jikoni, kuna nini pale siku hizi? Mimi huipita kichwani kila asubuhi nikinyoa ndevu.

Kaka yako,
Lumir


Shambani, 2 Machi 2024

Kaka Lumir,

Barua yako ilifika imelowa kona moja, nikaianika juu ya jiko ndipo nikaisoma. Mimi niko salama. Mgongo ni mgongo tu. Nilistaafu kupika shuleni, lakini hata nisingestaafu, shule yenyewe imestaafu: matofali kayanunua mtu wa Omaha, eti anapambia baa. Binamu Georgia tulimzika Januari. Waliokuja ni wachache mno, na padri alikuwa anatazama saa kwa sababu alikuwa na maziko mengine kaunti ya pili. Nilioka kolachi, vile vikate vitamu vya mbegu za mpopi, sinia mbili nzima kwa mazoea, nikarudi nyumbani na sinia moja na nusu.

Sasa, habari ya karatasi. Safari hii wamebadilisha utaratibu. Binti wa ofisi ya kilimo kaniambia: “Wenye shamba wote waje wenyewe, tuwaone kwa macho.” Nikamwambia kaka yangu yuko Kanada. Akajibu, “Kanada si mwezini, Mama Albina.” Basi ndiyo hivyo. Sheria ni sheria.

Duane Sedlak, unamkumbuka baba yake, Milo mwenye kigugumizi, ndiye anayelima kila kitu upande huu sasa. Alisimamisha pikapu yake juzi langoni. “Mama Albina,” akasema, “hizo nyasi zako hata mbuzi angezipita akaenda kula kwa jirani.” Nikamuuliza, “Jirani gani?” Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Anataka kukodi mkataba wa serikali ukiisha. Baba angesema shamba ni úhor, limelala, liacheni.

Njia uliyouliza haipo. Ni nyasi. Miforosadi mitatu bado imesimama na pampu ya upepo ilianguka mwaka ule wa barafu. Lakini njia ukiijua utaiona. Njoo uione.

Albina


Winnipeg, 30 Machi 2024

Mdogo wangu,

Heri ya Pasaka. Nimepika bata na kabichi chachu kwa namna ya Mama, nikala kwa siku kadhaa peke yangu, na siku ya mwisho nilimchukia bata yule kama adui.

Niruhusu nikusahihishe, maana kazi ya kusahihisha maandishi ya wengine kwenye kiwanda cha uchapaji imeniharibu. Baba alikuwa na maneno mawili ya Kicheki, na hakuwa akiyachanganya. Úhor ni shamba lililopumzishwa na mwenyewe. Mwaka huu halilimwi, lakini jembe linajua litarudi, na shamba linajua. Lado ni ardhi ambayo mwenyewe ameondoka. Hakuna aliyeipumzisha, imeachwa tu, na nyasi zimejiamulia. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nakumbuka Baba akinionyesha shamba la akina Kubicek baada ya wao kuhamia California: “Usiite hiyo úhor, mwanangu. Hiyo ni lado.” Na akatema mate. Kwa hiyo letu ni úhor, umesema sawasawa, ila nataka ujue kwa nini ni sawasawa.

Nashangaa kuhusu utaratibu huo mpya. Sijawahi kusikia ofisi inayotaka kuona uso wakati inaweza kuona sahihi. Lakini kama ndivyo, ndivyo. Magoti yangu hayapendi safari, na basi ni la siku nzima na zaidi. Labda Juni, hali ya hewa ikitulia. Tutaona.

Kama ningekuja ningeshukia njiapanda ya shule, nipande kwa miguu. Nisingependa kufika kwa gari.

Lumir


Shambani, 25 Aprili 2024

Kaka,

Juni! Nimekwisha kuwaambia wote, yaani Duane na mwanamke wa posta. Mwanamke wa posta ananiuliza, “Huyo kaka yako ni wa kweli au ni kama yule mchumba wako wa Denver?” Nikamwambia wa kweli, na kwamba atafumba mdomo siku atakapokuona.

Nimefua mapazia ya chumba chako. Panya walikuwa wameanzisha familia kwenye godoro, nimewafukuza, nimenunua godoro jipya. Huwezi kulala kwenye kile kitanda chako cha zamani bila kukunja miguu, kwa hiyo nimeunganisha na benchi. Chumba kinatazama magharibi, kilima chote unakiona. Asubuhi kuna kwale wanaitana mpaka unataka kuwatupia kiatu.

Niandikie ni siku gani. Sitakuja kukupokea njiapanda, nimeelewa unataka kutembea. Nitakaa jikoni nijifanye sijui.

Albina


Shambani, 20 Juni 2024

Kaka Lumir,

Sijapata barua yako. Huenda posta. Mwanamke wa posta anasema si posta.

Mimi mzima. Paka kazaa ghalani. Mvua imekuwa nzuri, na nyasi zimenifika kifuani, na mimi si mfupi.

Nakuambia jambo, usinifokee. Wiki ya kwanza ya mwezi huu nilitazama kilima nikajisemea: mzee wa miaka sabini na nne mwenye magoti mabovu atapitaje pale? Nyasi zitamfunika, atapotea ndani ya shamba lake mwenyewe, nitamkuta Septemba. Basi nikaliwasha lile trekta la Baba. Liliwaka, Lumir! Lilikohoa likatoa kiota cha panya kwenye bomba, likawaka. Nikafunga mashine ya kukatia, nikafyeka njia. Kutoka njiapanda, kando ya miforosadi, mpaka mlango wa jikoni. Upana wa mashine tu. Nilipogeuka juu ya kilima kutazama nyuma, ilikuwa ni ile ile. Nilikaa kwenye trekta nikalia kama mtoto mjinga.

Halafu nikarudi kwa miguu kuondoa mawe. Katikati ya njia nikakuta manyoya. Kwale jike, alikuwa amelalia mayai, hakutaka kuruka. Wewe umeshasahau, au hujawahi kujua: toka Mei mosi mpaka katikati ya Julai hatufyeki. Ni mwiko wa mkataba, ndilo jambo la kwanza wanalokwambia, ndege wanaatamia. Mimi niliwahi kumwambia Duane mwenyewe azime mashine yake alipovuka mpaka wangu hatua chache. Nimeishi na mwiko huu tangu Mama yu hai. Nikasahau. Nilikuwa nafikiria miguu yako.

Duane kapita jioni ile. Kasimama langoni, katazama njia, katazama mimi.

“Mama Albina. Umefanya nini?”

“Nimefyeka.”

“Juni?”

“Najua ni mwezi gani, Duane.”

“Wewe uliyenifokea mimi mbele ya watu kwa ajili ya vipande viwili vya nyasi?”

“Ndiyo mimi. Sasa nifokee, tuwe sawa.”

Hakunifokea. Kavua kofia, kakuna kichwa. “Ni kwa ajili ya huyo kaka?” kaniuliza. Nikasema ndiyo. Kasema, “Basi aje upesi, maana picha za angani watazitazama, na ile njia inaonekana mpaka mbinguni.”

Kwa hiyo njoo upesi. Njia iko tayari.

Albina


Winnipeg, 9 Julai 2024

Albina mpenzi,

Nimeisoma barua yako kwenye benchi ya nje, na mtu asiyenijua akanijia kuniuliza kama nahitaji maji.

Mimi ni mzima. Ni joto, na ghorofa ya tisa inahifadhi joto kama tanuri la mkate. Kijana wa ghorofa ya chini amehama, na simjui aliyeingia.

Kukaa kwangu kimya si kosa la posta. Mwanzoni mwa Mei, baada ya barua yako ya mapazia, niliiandikia ofisi ya kilimo kuuliza tarehe ya kufika kwangu. Walinijibu kwa upole, wakaniambia hawajawahi kumtaka mtu yeyote aje mwenyewe, na wakanitumia karatasi pamoja na bahasha yenye stempu. Zimekaa mezani tangu mwisho wa Mei. Kalamu iko juu yake. Sijatia sahihi, na sikukuandikia, kwa sababu sikujua nianze barua namna gani bila kukwambia kwamba najua.

Sikasiriki. Nilikuwa naliwaza lile jibu, “Kanada si mwezini.” Nikajua ni lako. Hakuna karani aliyewahi kusema sentensi nzuri namna ile.

Lakini niambie ukweli, mdogo wangu. Unaogopa nini? Kama ni mgongo, au ni ugonjwa mwingine unaouandika pembeni, njoo wewe huku. Chumba kipo. Kuna hospitali mkabala na nyumba, na duka la mkate la Mcheki mmoja asiyejua kuoka.

Lumir


Shambani, 1 Agosti 2024

Lumir,

Salamu nazikata, unisamehe.

Ndiyo, nilidanganya. Ningedanganya tena, na safari hii ningedanganya vizuri zaidi. Ofisi wameniletea onyo kwa ajili ya ile njia. Mtu wao alikuja, kijana mwenye adabu, akatembea njia yote na mimi nyuma yake, akanionyesha manyoya kana kwamba sijayaona. Kasema wakituongezea mkataba nisirudie. Nimesema sawa.

Unaniuliza naogopa nini. Siogopi kitu. Ugonjwa sina. Hilo ndilo balaa, nitaishi sana kama Mama.

Sikiliza. Wewe unazipenda hizi nyasi. Unazipenda kutoka ghorofa ya tisa. Kila barua yako unaniuliza zikoje, kama watu wanavyouliza hali ya mtoto. Nami sizitukani. Kijito sasa kinaonyesha mawe chini, Baba hakuwahi kuyaona. Udongo umekaa. Ndege wamerudi. Yote kweli. Lakini Mama alipolilaza shamba, akina Hosek nao wakalaza, akina Slama wakalaza, na hapo wote wakagundua kwamba nyasi hazihitaji mtu. Hela inakuja hata ukiwa Omaha, hata ukiwa Arizona juani. Wakaenda. Simlaumu mtu, ulipaji ulikuwa mzuri na vilima vilikuwa vimechoka. Ila shule ilikosa watoto, kanisa likakosa waimbaji, na mimi nikabaki na maua ya porini.

Unakumbuka watu wetu wanavyosalimiana barabarani? Mtu hasimamishi pikapu, anainua kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani, nawe unainua chako. Ndiyo hiyo tu. Kuna wiki inapita, Lumir, sijainuliwa kidole. Nasimama dirishani natazama kilima kinavyoyumba na upepo, ni kizuri, watu wanakuja kukipiga picha. Nyasi haziinui kidole.

Duane akilima, atapita hapa Aprili, Mei, Juni, atapita wakati wa kuvuna mpaka Novemba. Vumbi litaingia jikoni. Nitalalamika. Nataka kulalamika! Lakini wewe ungekuja, ningeziacha nyasi zisimame milele na nisiseme neno, kwa sababu kungekuwa na mtu mezani. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote. Ama wewe, ama trekta. Sikuweza kukwambia nataka shamba lilimwe, kwa kuwa najua ungekubali kwa ajili yangu na moyo wako ungekatika. Na sikuweza kukuomba uje, kwa kuwa wewe mtu akikuomba kitu unaandika “tutaona”.

Kuja huko sitakuja. Nije nifanye nini ghorofa ya tisa, niwapungie mkono watu wa chini? Mama kazikwa hapa, paka wanakula hapa.

Njia bado iko, nyasi zinarudi pembeni. Tia sahihi au usitie. Lakini sema neno moja lililonyooka.

Albina


Winnipeg, 8 Septemba 2024

Albina,

Mimi ni mzima. Majani ya mipopla kando ya mto yameanza kugeuka. Msumari wa koti nimeung'oa.

Umetaka neno lililonyooka. Nina mawili, na la kwanza ni la Baba.

Mwaka ule wa msamaha nilipiga simu nyumbani. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula, ulikuwa umekwenda kucheza dansi ukumbini, nakumbuka kwa sababu nilikuulizia. Baba ndiye aliyepokea. Nikamwambia sasa naweza kurudi, sheria inaniruhusu. Nikasikia kiti chake kikilia. Hakufoka. Alisema, “Usije, Lumir. Tumekwisha kuzoea.” Akauliza kama huku kuna theluji. Nikasema ipo. Akakata simu.

Sikumwambia Mama, na wewe sikukwambia. Mlipokuja kunitembelea kwa basi, wewe na Mama, niliwaonyesha bustani ya wanyama. Mama alikuwa akiniuliza, “Unarudi lini?” nami nikamjibu “tutaona”. Hilo neno nililianzia pale.

Miaka mingi nilikuwa na hasira na Baba. Nilidhani amenifukuza. Mwezi Mei, ulipokuwa umekwisha kufua mapazia, nilitoa sanduku kweli, nikaweka mashati, nikanunua tikiti ya basi. Nikakaa kitandani niipitie safari kichwani. Nikashuka njiapanda, shule ikiwepo. Nikapita miforosadi, yote, si mitatu. Pampu ya upepo ikazunguka. Nikafungua mlango wa jikoni, na aliyekuwa mezani akinitazama alikuwa msichana mwenye nywele za kusuka, na Mama akikanda unga. Nikatafuta uso wako wa leo na sikuupata popote. Ndipo nikaelewa kwamba Baba hakuwa akinifukuza. Alikuwa akinieleza jambo la kweli, jinsi angenieleza habari ya udongo. Mtu akiondoka, pengo lake halibaki wazi. Nyumba hulijaza kwa vitu vingine, na huyo mtu naye anajijaza huko aliko. Nimezoea. Sipendi nilichozoea, lakini nimezoea, na katika umri huu hiyo ndiyo nyumba yangu.

Tikiti nikairudisha. Kisha nikakuacha ufyeke kilima kizima kwa ajili ya neno langu la “labda”. Yule kwale ananihusu mimi kuliko wewe.

Nilikusahihisha mwezi Machi kwa mbwembwe nyingi juu ya úhor na lado. Nilikuwa sahihi juu ya maneno na nilikosea juu ya shamba. Nilikuwa nikiliita úhor kwa sababu nilitaka kuamini kwamba kuna mtu linayemngoja. Shamba lako ni úhor kweli, kwa maana wewe upo na utaliamsha. Fungu langu ndilo lililokuwa lado, tangu zamani, na wewe umekuwa ukiishi katikati yake.

Karatasi za nyasi sijazitia sahihi. Mwanasheria wa hapa ameandika hati nyingine, na imo katika bahasha hii: fungu langu ni lako, lote, bila sharti. Huhitaji jina langu tena popote. Ukitaka nyasi, ziwe nyasi zako. Ukitaka trekta, mwambie Duane aanzie pale ulipofyeka, njia imekwisha kufunguka, na umwambie aache vipande vya mteremko karibu na kijito, udongo wa pale ni mwepesi, Baba alikuwa akiulaumu kila mwaka. Kwale nao watapata pa kukaa. Akipita asubuhi, simama dirishani mahali atakapokuona.

Nami nitakuandikia. Utaniambia vumbi limeingia mpaka kwenye unga wa kolachi, nami nitakusahihisha tahajia.

Usiitunze ile njia kwa ajili yangu. Sitarudi.

Kaka yako,
Lumir